Nahodha Evans: alitoa askari wa mbao, akawasha taa za meli

Kazi ya chai ilinipeleka Chepseon mwezi uliopita. Sisi wa maghala ya Shimanzi chai huijua ikiwa magunia, imeshapigwa alama ya kiwanda na inangojea mnada wa Mombasa. Si vibaya mara moja moja mtu apande akaione ingali majani. Chepseon iko kando ya barabara kuu ya Kericho na Nakuru, juu kwenye baridi, mahali ambapo saa moja ya asubuhi mtu wa Kisauni hutamani mablanketi mawili. Siku hiyo lori la kubeba majani lilikuwa limechelewa. Wakulima walikaa wakangoja karibu na magunia yao, na penye kibanda cha mizani vijana wawili walikuwa wametandaza ubao wa sataranji juu ya kreti ya soda. Kete zilizopotea wametia vifuniko vya chupa mahali pake.

Mmoja wao alikuwa na mchezo wa ajabu. Alitoa askari mmoja akaliwa. Akatoa wa pili. Akatoa wa tatu, na mwenzake akawa ni kula tu kama aliyealikwa harusini. Hatua chache mbele yule mlaji mfalme wake alikuwa amezingirwa, na kete zake kubwa zingali zimelala nyumbani. Nikamuuliza mshindi mchezo ule kautoa wapi. Akanijibu kwa adabu kwamba ule ni wa Evans, ameusoma kwenye simu. Na Evans mwenyewe ni nani? Hapo hakuna aliyejua, si mchezaji wala mwenye ubao.

Basi Evans alikuwa mtu wa bahari kama baba zetu. Katika mambo mawili aliyotuachia, moja linachezwa mpaka kwenye milima ya chai na vijana ambao pengine bahari hawajaiona, na la pili tunaliona kila usiku Kilindini bila kujua kwamba lina mwenyewe. Nimeona ni haki yake aandikwe kwenye ukurasa huu.

William Davies Evans alizaliwa tarehe 27 Januari 1790 katika shamba liitwalo Musland, parokia ya St Dogwells, jimbo la Pembrokeshire huko Wales. Wales iko chini ya taji la Uingereza lakini wenyewe si Waingereza kwa asili. Wana lugha yao ya tangu jadi, na wameipigania isimezwe, jambo ambalo msomaji wa Kitikuu au Kibajuni hahitaji kuelezwa mara mbili. Mwaka wa 1804, akiwa na umri wa miaka 14, mtoto huyo wa shamba alikwenda baharini. Ulaya ilikuwa inawaka kwa vita vya Napoleon. Evans alitumika katika meli za kivita mpaka vita vilipokwisha mwaka wa 1815, kisha akahamishiwa idara ya posta. Kufikia 1819 alikuwa nahodha.

Meli ya posta ya zama zile haikuwa chombo cha kungojea upepo mzuri. Jahazi la biashara likikuta hali mbaya lilitia nanga likasubiri, lakini barua za serikali zilikuwa na saa yake. Evans alipewa njia ya Milford Haven kwenda Waterford nchini Ireland, katika meli ya moshi, na meli za moshi wakati huo zilikuwa kitu kipya. Ni mlango wa bahari mwembamba wenye ukungu na mawimbi mafupi ya hasira, umejaa vyombo vya matanga, wavuvi, na meli nyingine za moshi zinazokwenda kasi usiku kuliko watu walivyozoea. Nahodha wa tanga aliweza kukisia mwenzake anakwenda wapi kwa kutazama upepo. Meli ya moshi haimtii upepo, yakija giza huwezi kujua imeelekeza omo wapi. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Sataranji hakuizaliwa nayo. Yaelekea aliijua mnamo 1818, akiwa mtu mzima wa miaka 28, na mwenzake wa kucheza alikuwa afisa wa wanamaji aliyeitwa Luteni Harry Wilson, mchezaji hodari. Wenye kusema mchezo huu usipouanza na maziwa ya mama huwezi kufika popote wamtazame Evans.

Najua wapo watakaoniandikia kuniuliza hukumu ya sataranji. Wanazuoni wamekhitalifiana. Wapo walioiharimisha moja kwa moja, na katika madhehebu yetu ya Shafi mashuhuri ni kwamba ni makruhu ikiwa haina kamari na haimpotezei mtu sala. Zaidi ya hapo nawaachia masheikh, mimi nasimulia habari za nahodha. Ila tusisahau kwamba mchezo wenyewe ulitoka India, ukapita kwa Wafursi, ukashikwa na Waarabu, na wao ndio walioufikisha Ulaya. Hata neno la kumaliza mchezo, lile la shahi kushindwa, Wazungu walilichukua huko huko. Kete ambayo Waingereza wanaiita askofu, Waarabu waliiita fil, yaani tembo. Humu nitaiita tembo.

Sasa tuje kwenye ule mchezo. Mnamo mwaka wa 1824, akiwa kwenye safari zake za Waterford, Evans alipata fikra mpya. Kabla sijaieleza, neno moja. Kutoa kete mwanzoni mwa mchezo kwa ajili ya kumshambulia mtu haraka, Wazungu wana jina lake lililotoka kwa Kiitaliano, na asili ya jina hilo ni kumtegea mtu mguu aanguke. Padri wa Kihispania Ruy López alilitumia katika kitabu chake cha mwaka wa 1561. Sisi neno tunalo tayari, tangu tukicheza mchangani: ni ngwala. Anayekupiga ngwala hupoteza kusimama kwake kidogo, anaegemea upande mmoja, lakini wewe ndiye unayekwenda chini.

Ngwala ya Evans inakwenda hivi. Mweupe na mweusi kila mmoja anasogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, wakutane uso kwa uso katikati. Mweupe anatoa farasi wa upande wa mfalme, mweusi anatoa wa upande wa malkia. Mweupe anatoa tembo na kumkodolea macho yule askari mweusi aliye dhaifu kuliko wote, ambaye mlinzi wake ni mfalme peke yake. Mweusi naye anatoa tembo vivyo hivyo. Mpaka hapo ni mchezo wa Waitaliano, wa miaka mingi, wa polepole, watu wanaamkiana. Hatua inayofuata Evans alifanya jambo lililoonekana la mtu aliyelewa. Alimsukuma askari wa mbele ya farasi wa malkia moja kwa moja mpaka mdomoni mwa tembo wa mweusi.

Tembo akimla, askari wa jirani anasogea hatua moja na kumtisha. Tembo hana budi kuondoka, na hapo mweusi amepoteza hatua. Mweupe anasukuma askari wa mbele ya malkia katikati. Mweusi mwenye uroho anamla. Mweupe hata hageuki, anamwingiza mfalme wake ngomeni. Mweusi anaendelea, anamla na yule askari aliyemtisha tembo wake. Ndivyo alivyofanya kijana wa Chepseon: askari watatu weupe wako nje ya ubao, na mweupe mwenyewe hajala hata mmoja. Lakini sasa tazama kilichobaki. Tembo wote wawili weupe njia zao ziko wazi. Malkia ana uwanja, ngome zina mlango wa katikati. Mweusi ametoa farasi mmoja na tembo mmoja tu, ambaye ametangatanga kama mgeni aliyepotea Mji wa Kale, na mfalme wake angali katikati ambapo milango yote imevunjwa.

Hesabu yake ni ya baharini. Chombo kikielemewa, nahodha hutosa shehena, na kila kilichotoswa kilikuwa na thamani na mwenyewe. Tofauti ni kwamba wengi hutosa tufani likishafika. Evans alitosa bahari ikiwa shwari ili chombo kiwe chepesi na kukimbia. Alichonunua kwa askari wale ni wakati. Hatua mbili tatu za mbele, basi. Zikipita bila shambulio kufaulu, mweusi atatulia, atatoa kete zake moja moja, na wale askari watatu watakuja kudaiwa mwisho wa mchezo na riba juu. Kwa hiyo si mchezo wa mtu mvivu. Anayetoa askari kisha akaanza kufikiri amekwisha.

Mwaka huo huo wa 1824, jambo ambalo limenipendeza kwa wakati wake, nahodha mwingine wa Kiingereza aitwaye Owen alipandisha bendera ya Uingereza Mombasa, kwa ombi la Wamazrui waliokuwa wakimwogopa Sayyid Said. Kwa muda mfupi Mombasa ilikuwa kete muhimu kwenye ubao wa mtu mwingine. Kisha London ikapima, ikaona urafiki na Sayyid Said una faida kubwa zaidi, na mwaka wa 1826 bendera ikateremshwa. Mwaka wa 1837 Sayyid akaichukua Mombasa. Hiyo nayo ni ngwala, lakini aliyetolewa hakuwa wa mbao.

Nahodha wetu akipata likizo alikwenda London, na huko ndiko alikomwonyesha mchezo wake Alexander McDonnell, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa visiwa vile. Mchezo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa ngwala hii, Evans dhidi ya McDonnell, umeandikwa mwaka wa 1827. Ndani yake Evans alimwingiza mfalme ngomeni kwanza, ndipo akamtoa askari. McDonnell alishindwa. Kwa hulka ya wachezaji wa kweli, aliyepigwa aliipenda silaha iliyompiga. Mwaka wa 1832 William Lewis aliichapisha katika kitabu chake cha mafunzo, na ikawa mali ya watu wote.

Mwaka wa 1834 London ilishuhudia shindano kubwa kuliko yote yaliyotangulia. McDonnell alikaa mbele ya Mfaransa Louis-Charles Mahé de La Bourdonnais katika klabu ya sataranji ya Westminster, kuanzia Juni hadi Oktoba, wakacheza michezo 85. Mfaransa alishinda 45, McDonnell 27, na 13 wakatoka sare. McDonnell alimrushia ngwala ya Evans, Mfaransa akajifunza, naye akawa anamrudishia ile ile. Ndipo ilipojulikana Ulaya nzima. Michezo yao iliandikwa na kusomwa, na mpaka leo inasomwa.

Hapa lazima nisimame, maana wanaosimulia habari za sataranji hupita hapa mbio. Huyo Mfaransa alizaliwa katika bahari yetu, kisiwa cha Réunion, wa ukoo wa yule La Bourdonnais aliyekuwa gavana wa visiwa vile vya Wafaransa karne ya 18. Mashamba ya kisiwa hicho na ya Mauritius yalilimwa na nani? Wamo waliochukuliwa pwani hii. Mwaka wa 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa hivyo. Na McDonnell, mzaliwa wa Belfast, riziki yake haikutoka kwenye sataranji. Alikuwa mtu wa wafanyabiashara wa Demerara, ambayo leo ni Guyana, na mwaka wa 1824 alichapisha kitabu cha kuutetea utumwa wa mashamba yale. Baadaye akawa katibu wa kamati ya wafanyabiashara wa West Indies mjini London, akilipwa paundi 1,200 kwa mwaka, nyingi sana wakati ule, kazi yake ikiwa kuangalia masilahi yao bungeni.

Sasa tazama tarehe. Sheria ya Uingereza ya kufuta utumwa katika makoloni yake ilipitishwa mwaka wa 1833 na kuanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, watu hawa wawili wakiwa katikati ya shindano lao. Serikali ilitenga paundi milioni 20 za fidia, na fidia hiyo ilikwenda kwa waliokuwa wakimiliki watu. Waliomilikiwa hawakupewa kitu, tena wengi wakafungwa miaka mingine kwa jina la uanagenzi. Askari wa mbao ukimtoa, mchezo ukiisha unamrudisha kwenye kisanduku pamoja na mfalme. Aliyechukuliwa Kilwa hakurudishwa.

Sisemi hivi ili kuichafua sataranji. Ubao hauna kosa. Nasema kwa sababu watu wanapenda sana kutumia lugha ya ubao kwa maisha ya watu, na kila msimu wa siasa unasikia fulani ni askari wa fulani, vijana wa mtaa fulani wametolewa. Mchezaji anayetoa askari ana uhalali kwa sababu kete zote ni zake na hasara ni yake. Kule Kericho niliwasikia wachumaji wakizungumzia mashine za kuchuma majani, zile zilizochomwa moto mashambani mwaka wa 2023 kwa hasira ya kazi zilizopotea. Wenye mashamba makubwa wana hesabu zao za gharama na sitaki kujifanya sizielewi, nafanya kazi katika mnyororo huo huo. Lakini mchumaji hakuulizwa kama yuko tayari kuwa wa kwanza kutoka.

Mwisho wa wale wawili haukuwa mrefu. McDonnell alikufa mwaka wa 1835, figo zikiwa zimeharibika. La Bourdonnais alifilisika, akauza karibu kila alichokuwa nacho, akaja London kutafuta kazi ya kucheza na wateja, na mwezi wa Desemba 1840 akafa maskini. Wamezikwa makaburi ya Kensal Green, karibu karibu.

Evans yeye aliendelea na bahari, na hapa nalirudia lile giza la mlango wa Ireland. Tatizo lilikuwa hili: taa moja usikuni inakwambia kwamba pana chombo, haikwambii kinakwenda wapi. Ukiikwepa kwa kulia huenda nacho kimegeuka upande huo huo, mkakutana. Evans anatajwa kuwa ndiye aliyebuni mpango wa taa za rangi tatu: nyekundu ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia, nyeupe juu ya mlingoti. Ukiona nyekundu peke yake, unautazama ubavu wake wa kushoto, chombo kinapita kuelekea kushoto kwako. Ukiona kijani peke yake, kinapita kuelekea kulia. Ukiziona zote mbili pamoja, kinakujia wewe uso kwa uso, na muda wa kufikiri ni mdogo. Hakuna kupiga kelele, hakuna kukisia. Mwaka wa 1848 mamlaka ya wanamaji ya Uingereza iliamuru meli za moshi zivae taa za rangi hizo, na baadaye zikaenea kwa mataifa yote. Serikali ya Uingereza ilimpa Evans paundi 1,500 kwa kazi hiyo, na mfalme wa Urusi akampa paundi 200 pamoja na saa ya dhahabu ya kupimia safari.

Kaa ukutani Forodhani Lamu baada ya isha, au simama Mama Ngina wakati meli ya makontena inaingia mlango wa Kilindini, utaziona. Nahodha wa meli na rubani wa bandari hawasemi lugha moja, lakini nyekundu na kijani wanazisoma sawa. Vyombo vyetu vidogo vingi bado vinakwenda usiku gizani, na tochi ya simu mtu akiikumbuka. Gharama ya taa mbili za rangi si kubwa, na nimeona niiseme hapa kwa kuwa wamo wanaosoma wenye vyombo.

Ngwala yake nayo ilikuwa na maisha marefu kuliko yeye. Mwaka wa 1852 mjini Berlin, Mjerumani Adolf Anderssen aliitumia kumshinda Jean Dufresne katika mchezo ambao hata leo huwekwa mbele ya wanafunzi kwa uzuri wa kumalizia kwake. Mmarekani Paul Morphy aliipenda. Mrusi Mikhail Chigorin aliing'ang'ania, na mwaka wa 1889 huko Havana alimrushia tena na tena bingwa wa dunia Wilhelm Steinitz. Steinitz alikuwa mtu wa shingo ngumu: kila akipewa askari alikula, akaamini kwamba haki ya askari mmoja lazima ionekane mwisho. Mara nyingine aliteseka vibaya, lakini shindano lile alilishinda yeye.

Dawa yenyewe ilikuja kwa Emanuel Lasker mwishoni mwa karne ya 19, nayo ni nyepesi ya kushangaza. Kula, kisha rudisha. Mweusi anamla askari, na mweupe akitaka kushambulia mweusi anamrudishia askari wake kwa wakati anaoutaka yeye, malkia wanabadilishana, na shambulio linakosa kuni. Pupa ndiyo iliyokuwa inaifanya ngwala ikate. Baada ya hapo wakubwa wakaiacha kwa miaka mingi, wakaiona ni mchezo wa babu zao. Mpaka mwaka wa 1995 mjini Riga, Garry Kasparov alipoitoa sandukuni mbele ya Viswanathan Anand wa India, mmoja wa watu waliojiandaa vizuri kuliko wote duniani. Anand alishindwa kwa hatua 25.

Nahodha hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 3 Agosti 1872 huko Ostend, bandari ya Ubelgiji, akiwa katika mwaka wa 83 wa umri wake, akazikwa huko huko ng'ambo, mbali na Pembrokeshire. Jiwe la kaburi lake limeandikwa kwa utaratibu ambao nimeupenda. Linataja kwanza kwamba alikuwa nahodha katika meli za posta na za moshi za Mashariki, kisha msimamizi katika kampuni ya Royal Mail, kisha mvumbuzi wa taa za rangi tatu za vyombo. Baada ya yote hayo ndipo linaongeza kwamba anajulikana pia na watu wa sataranji, kwa ule mchezo wake wa kutoa askari.